Maji ya Mzazi

Iringa
8 Februari 1954

Mdogo wangu Kudra,

Hongera mama Chiku! Barua ya mumeo Yunusu imefika jana, na tangu ifike nyumba hii haina utulivu. Mama alipiga vigelegele hadi jirani yetu Severina akaja mbio na jembe mkononi, akidhani nyoka ameingia ndani. Alipoambiwa kwamba Kudra wa Mbalizi amejifungua mtoto wa kike na amepewa jina la bibi yake, akatupa jembe chini akaanza kucheza. Mimi mwenyewe, mjomba mzima, nilicheza kidogo. Usimwambie mtu.

Sasa Mama amesimama nyuma yangu na hataki niandike mambo yangu mpaka niandike yake. Anasema hivi: ukandwe asubuhi na jioni bila kuruka. Maji yawe ya moto hasa, ya kuchoma, siyo ya kuoshea masufuria. Usitie mguu nje ya mlango mpaka arobaini iishe. Na Bi Mwanakhamisi, mama mkwe wako, asomewe maneno haya kama yalivyo: "Mimi Bi Chiku nilikupa mwanangu mzima, nataka nimwone mzima." Nimemwambia Mama maneno haya ni makali, amenipiga kofi la kisogo. Basi nimeyaandika.

Habari zangu ni zile zile. Hapa kiwanda cha mbao bado napiga moto boila la mvuke. Mvua imelowesha maranda yote, moto unanuna, na mimi nanuna pamoja nao. Msalimie shemeji, mwambie sisi wapiga moto ndio wenye kuendesha nchi hii, wengine wanajisifu tu.

Mbusu Chiku mdogo kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Selemani


Mbalizi
14 Februari 1954

Kaka Selemani,

Nimecheka hadi mshono ukaniuma! Pole kwa kisogo chako. Maneno ya Mama nimeyasoma mbele ya Bi Mwanakhamisi kama yalivyo, kwa sauti, huku macho nimeyatupa chini. Akanijibu, "Mwambie mama yako atamwona mzima." Tangu siku hiyo, kaka, nakandwa kama ngozi ya ngoma. Mama huyu ni mtu wa Pangani, na watu wa Pangani wanajua kukanda. Ana mikono! Anachovya kitambaa kwenye maji, anakamua, anakibandika mgongoni, mimi nalia, yeye anaimba.

Ungeuliza maji ya moto mengi hivyo yanatoka wapi na mvua hii ya kwetu. Kuni zimelowa, ukiwasha unapata moshi tu. Lakini mimi nimeolewa na mpiga moto! Unakijua kinu cha Bwana Makame, kile kinachosaga mahindi kwa mvuke, sisi tunakiita Kinu cha Moshi. Kwa nyuma ya boila, chini kabisa, kuna bomba. Yunusu analifungua, maji yanaruka yenyewe huku yanachemka, debe mbili asubuhi na debe mbili jioni, anatuletea mpaka mlangoni. Yana rangi ya chai na yananuka chuma kidogo, lakini ni ya moto kuliko ya jikoni. Majirani wananionea wivu.

Na watu wa kinuni wananitunza. Mzee Kalinga, yule anayemwaga mahindi kinuni, amenichagulia unga laini wa uji. Timotheo, mwenzake Yunusu wa kupiga moto, ni Mnyakyusa, Mlutheri, mtu mpole mpaka unamsikitikia. Wamepatana: Ijumaa Yunusu akienda msikitini, Timotheo anashika moto peke yake, na Jumapili Timotheo akienda kanisani, Yunusu anashika. Mke wa Timotheo, Sekela, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, ndiye anayenipikia uji kila asubuhi. Ananiuliza "Mwana amelala?" kabla hata ya kunisalimu.

Kwa hiyo mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Kudra mama Chiku


Iringa
17 Februari 1954

Kudra,

Salamu utanisamehe, nitakupa siku nyingine. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mikono inatetemeka. Maji kutoka kwenye boila? Debe nne kwa siku? Mumeo ana akili timamu au amepandwa na kichaa?

Boila si birika, Kudra. Birika likikauka unapoteza birika. Ndani ya boila kuna mabomba yanayopita moto, na juu yake lazima kuwe na maji, siku zote, yafunike. Maji yakipungua, mabomba yanabaki uchi, chuma kinakuwa chekundu kama kaa. Hapo mtu asiyejua akipiga pampu, maji ya baridi yakiangukia chuma kile chekundu, ndiyo kwaheri. Linapasuka. Nilimwona mtu mmoja huku msituni aliyepasukiwa, sitakuandikia nilichokiona maana una mtoto kifuani.

Na bomba lile la nyuma si la kuchotea! Ni la kutolea tope, tena boila likiwa limepoa. Mabomba ya zamani kama hayo ukiyafunga kwa mkono hayafungi. Unadhani umefunga, kumbe linavuja, mvuke unayasukuma maji nje kwa nguvu, na kila dakika yanapungua. Sisi hapa tunaligonga kwa nyundo mpaka likae. Mwulize Yunusu kama analigonga.

Usiniambie kwamba kuna kioo cha kuonyesha maji. Msimu huu wa mvua maji ya mto ni tope, kioo kinaziba, kinakuonyesha maji ambayo hayapo. Mpiga moto anaamini alichojaza mwenyewe, au alichoambiwa na mwenzake amejaza.

Mwambie aache. Leo. Nampa barua hii dereva wa basi mkononi.

Selemani


Mbalizi
23 Februari 1954

Kaka,

Umenitisha mpaka maziwa yalikatika nusu siku. Nimempa Yunusu barua yako aisome mwenyewe. Kwanza alifura. "Kaka yako anapiga moto huko Iringa au anapiga moto hapa?" Akatoka na kubamiza mlango. Lakini jioni alirudi amenywea kama kuku wa mvua. Akasema kwamba ndiyo, bomba analigonga kwa nyundo, na ndiyo, kila akichota anajaza tena, lakini amefikiri, na hataki tena. Nikamshukuru Mungu.

Basi akasimama mlangoni akamwambia mama yake, "Mama, maji ya kinuni mwisho leo. Marufuku." Akaenda zake. Hakueleza kwa nini. Mama hakuuliza kwa nini. Unawajua wanaume wa kwetu, kueleza jambo kwa mwanamke wanaona ni kuomba ruhusa. Mimi nilitaka kumweleza mambo yako ya chuma chekundu, lakini kaka, mkwe unaanzaje kumfundisha mama mkwe? Nikaacha.

Sasa tunachemsha jikoni kwa kuni mbichi. Moshi unatutoa machozi sote watatu, na maji yakifika chumbani yameshakuwa vuguvugu. Juzi nilishikwa na baridi, meno yakagongana. Bi Mwanakhamisi alikaa pembeni ya kitanda akishika miguu yangu, akanung'unika peke yake, "Huyo Makame ni bahili, hata maji anaona hasara. Na Bi Chiku atanionaje mimi?" Alikuwa analia, kaka. Sijawahi kumwona akilia.

Homa imepungua leo. Usimwambie Mama.

Kudra


Mbalizi
Jumamosi, 27 Februari 1954

Kaka Selemani,

Limepasuka.

Sijui nianzie wapi. Jana Ijumaa, wakati watu wako msikitini. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nakandwa. Kitambaa cha moto kilikuwa mgongoni kwangu, ndipo ardhi ikaruka. Sijui kusema vingine, iliruka. Mlio wenyewe sikuusikia, nilisikia masikio yakiziba. Chungu kilidondoka rafuni, vumbi likajaa chumba, Chiku akafungua mdomo akilia na mimi sisikii sauti yake. Nikadhani pumzi imemkatika. Bi Mwanakhamisi alibaki ameshikilia mgongo wangu kwa mikono miwili, hakuniachia.

Nilichungulia dirishani. Kinu hakipo. Kaka, pale palipokuwa na paa kuna mbingu. Bati lilikuwa juu ya mti wa jirani. Unga ulikuwa hewani, mweupe, unashuka taratibu juu ya kila kitu, na wanawake waliokuja kusaga wanakimbia weupe kuanzia kichwani.

Mzee Kalinga amekufa. Ukuta ulimwangukia pale pale penye kinu. Wamemtoa jana jioni. Ndiye aliyenichagulia unga wa uji, kaka. Mfuko wake bado uko hapa.

Yunusu alikuwa msikitini, ni mzima, alirudi anakimbia bila viatu. Timotheo naye ni mzima lakini mvuke umemuunguza mgongo na mkono. Alikuwa ametoka kwenda mtoni, hapo karibu na kinu, kupiga pampu ya maji, ndiyo maana yu hai. Leo asubuhi polisi wamekuja kutoka Mbeya wakamchukua hivyo hivyo na vidonda vyake. Wanasema aliacha boila lisilo na maji, na kuna mtu amekufa. Sekela alilifuata gari kwa miguu mpaka barabara kuu.

Siwezi kuandika zaidi.

Kudra


Iringa
3 Machi 1954

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimekwenda nje, nimerudi, nimesoma tena. Namshukuru Mungu kwa ajili yako na mtoto na Yunusu, na moyo unanisuta kwa kushukuru maana kuna mzee yuko kaburini. Mama hajui kitu, nimemwambia tu mvua imechelewesha barua.

Kudra, nisikilize na unijibu vizuri. Boila haliishiwi maji hivi hivi. Yunusu alipokwenda msikitini, alijaza? Alimwambia Timotheo amejaza? Na bomba la nyuma, tangu nilipowaandikia, kuna mtu yeyote aliyelifungua?

Nijibu upesi. Usingizi umenihama.

Selemani


Mbalizi
8 Machi 1954

Kaka,

Nakuandikia Bi Mwanakhamisi akiwa amelala. Swali lako nimelikalia tangu jana.

Yunusu anaapa kwa Mwenyezi Mungu alijaza. Alijaza, akamwambia Timotheo "Nimejaza," akaenda kutawadha. Ninamwamini. Mkaguzi wa mashine aliyeletwa alitazama vyuma viwili vitatu akasema maji yaliisha na mpiga moto aliyekuwa zamu ndiye mwenye kosa. Polisi wanamuuliza Timotheo, "Maji yalikwenda wapi?" Anasema hajui. "Ulilala?" Anasema hakulala. Hawasikilizi. Yunusu alikwenda kumtazama, akaruhusiwa dakika moja tu, Timotheo akamwambia, "Wewe ulijaza. Sina neno nawe." Yunusu amerudi hali chakula.

Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, hata Yunusu.

Ijumaa ile maji yalikuwa ya moto. Siyo vuguvugu, ya moto ya kuchoma, kama zamani. Nilifurahi! Nikajisemea, kuni zimekauka. Lakini mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, kuni zitakaukia wapi? Na nilipoinuka baada ya ule mlio, beseni lilikuwa bado kando ya kitanda. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Nikainama nikanusa. Chuma.

Nimekaa na habari hii peke yangu. Bi Mwanakhamisi hakuniambia, sikumuuliza. Anaendelea kunikanda kila siku kwa maji ya jikoni, ananiimbia, anamwogesha Chiku.

Na kila asubuhi, kaka, Sekela analeta uji. Mume wake yuko mahabusu na bado analeta uji, kwa sababu anasema mzazi hakosi uji. Jana aliniuliza, "Kudra, wewe unafikiri Timotheo alilala?" Nilimjibu "Hapana," halafu nikajifanya namfunika Chiku.

Debe mbili zinaweza kupasua boila? Niambie haziwezi. Nakuomba, niambie haziwezi.

Kudra


Iringa
11 Machi 1954

Kudra,

Debe mbili peke yake, haziwezi. Lakini mama yako mkwe ana nyundo?

Ndiyo hiyo. Alilifungua kwa mkono, akalifunga kwa mkono, na bomba halikufunga. Liliendelea kutapika maji nyuma ya ukuta bila mtu kuona, hadi mabomba yakabaki uchi. Halafu Timotheo akaenda mtoni, akapiga pampu, maji ya baridi yakaingia. Nimelitazama jambo hili pande zote kama boila langu mwenyewe, na sioni njia nyingine.

Sasa nisikilize. Usiseme.

Najua utanikasirikia. Lakini fikiri. Ukisema, anayeingia ndani ni mwanamke mzima aliyefanya vile kwa ajili yako. Kazi ya Yunusu imekwisha, maana wataanza kuuliza nani aliyeanza kuchota. Utabaki na mtoto mchanga katika nyumba ambayo umemfunga mwenye nyumba. Yunusu atakupenda tena baada ya hapo? Na maneno makali ya Mama yetu niliyaandika mimi kwa mkono wangu, nayo yatatajwa. Timotheo ni kijana, ana nguvu, labda watampa miezi michache, labda watamwachia. Kalinga harudi hata ukisema.

Mimi ni kaka yako, baba hayupo, nina haki ya kukuamuru katika hili. Nyamaza, umlee Chiku.

Selemani


Mbalizi
16 Machi 1954

Kwa Selemani,

Niliisoma barua yako mara moja nikaikunja. Nilijua nitapata kutoka kwako hasira, au machozi, au hesabu za chuma. Sikujua nitapata hiyo. Wewe uliyetetemeka mikono kwa sababu ya debe nne za maji, leo mtu amekufa na mwingine yuko ndani, na mkono wako umetulia kabisa, unaniandikia ninyamaze! Nilikutazama kwenye karatasi kama mtu nisiyemjua.

Jana asubuhi Sekela alileta uji, akasema kesi itasomwa Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na mbili, mbele ya Bwana DC, na karani amemwambia ajiandae kwa miaka, siyo miezi. Alipotoka sikuugusa uji. Nilimgeukia Bi Mwanakhamisi nikamuuliza, bila kuzunguka, "Mama, maji ya Ijumaa ile uliyatoa wapi?"

"Kinuni," akasema. "Wapi kwingine?"

Hivyo hivyo! Kama nimemuuliza chumvi ametoa wapi. Kaka, alikuwa hajui. Siku zote hizi mimi namwona mtu anayeficha, kumbe hana cha kuficha. Kwake yeye Yunusu alipiga marufuku kwa sababu ya ubahili wa Makame. Akangoja watu waende kuswali, akazunguka nyuma na debe zake, akachota akaleta.

"Na bomba ulilifunga?"

"Nilifunga. Lilibaki linatema mate kidogo, nikajua litanyamaza lenyewe."

Hapo nikamweleza. Mambo yote yale ambayo mkwe hawezi kumfundisha mama mkwe, nilimweleza, mabomba, chuma chekundu, maji ya baridi. Nilikuwa nalia na yeye ananitazama mdomoni. Nilipomaliza, akakaa chini sakafuni, siyo kwenye mkeka, sakafuni. Akasema, "Kalinga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na yule mume wa Sekela yuko ndani kwa ajili yangu, na mimi nakunywa uji wa mkewe?" Maana tulikuwa tunaunywa wote wawili.

Akainuka. "Mfunge mtoto mgongoni. Twende."

Nikamwambia, "Mama, arobaini haijaisha."

"Nimesema twende."

Yunusu alitukuta mlangoni. Akaweka mkono kwenye mwimo, akauliza tunakwenda wapi, mama yake akamwambia palepale, kwa sentensi mbili. Nilimwona mume wangu uso ukimkauka. "Mama, watakufunga." "Wanifunge." Halafu akatoa mkono, akamchukua mama yake kwa kiwiko, tukapanda lori la viazi mpaka Mbeya.

Pale polisi, sajini alitusikiliza akaanza kucheka. "Maji ya kuogea mzazi ndiyo yamepasua chuma?" Akawaita wenzake waje wasikie. Sekela alikuwa kwenye benchi na bakuli la mumewe, amekuja kumpelekea chakula, akasikia kila neno. Sikuthubutu kumtazama.

Bi Mwanakhamisi hakuondoka. Akamwambia sajini, "Mlete yule kijana niseme mbele yake." Kwa sababu ya kucheka tu, wakamleta. Kaka, amekonda, mkono umefungwa kitambaa kichafu. Bi Mwanakhamisi akamwambia, "Mwanangu, maji nilichukua mimi. Nilipita nyuma, hukuniona."

Timotheo akatazama chini. Akasema, "Nilikuona, mama."

Kicheko kikakatika.

"Nilikuwa kwenye rundo la kuni," akasema. "Nilikuona na debe, nikajua ni maji ya mzazi. Mimi nimelelewa kwamba mwanamume hayafuati maji ya mzazi, wala hasimami anayatazama. Nikageuza uso. Ningekuja kulikagua bomba, ningekukuta hapo. Nikasema moyoni, amechota kidogo, nitamrudishia. Ndiyo nikaenda mtoni kupiga pampu."

Selemani, umeelewa? Alikwenda kupiga pampu ili kurudisha maji niliyoogea mimi.

Sajini akamuuliza kwa nini siku zote hizo hakusema. Timotheo akamtazama kwa mshangao, kama swali lenyewe lina aibu. "Nisimame hapa mbele ya wanaume nitaje mambo ya uzazi ya mke wa mwenzangu? Na mama yake nimtaje? Mimi ninakula kwao sikukuu."

Bi Mwanakhamisi alifunika uso kwa kanga. Yunusu alitoka nje. Na Sekela, sijui nikwambieje, Sekela alikaa na lile bakuli mapajani akimtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, halafu akanitazama mimi. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Leo hakuleta uji.

Wameandika maneno yetu yote. Bi Mwanakhamisi hawajamfunga, ameambiwa arudi Jumatatu. Lakini sajini alituambia wazi: mkaguzi ameshasema neno lake, na maneno ya wanawake kuhusu bomba la nyuma Bwana DC hatayapa uzito, mpaka asimame mtu anayepiga moto boila aeleze kwamba bomba lisipogongwa linaweza kutoa maji yote. Yunusu hawezi kuwa shahidi, ni mtoto wa mwenye kosa, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuchota.

Mtu huyo ni wewe. Mimi sina haki ya kukuamuru. Nakwambia tu kwamba Jumatatu ipo.

Kudra


Iringa
Ijumaa, 19 Machi 1954

Mdogo wangu Kudra,

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, na mimi nitakuwa kwenye la kesho, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nilipofika pale Timotheo aliposema "Nilikuona, mama," niliiweka barua chini. Nilikuwa mbele ya boila, moto unawaka, na nilisikia baridi. Nimekuwa nikiwaza habari ya mtu mmoja aliyelala kazini au aliyesahau. Nikakwambia labda watampa miezi michache. Kumbe alikuwa amekaa mle ndani na vidonda vyake anatutunzia aibu yetu, sisi tusiokuwa ndugu zake, na mimi ndugu yako wa damu nakuandikia umwache akae. Sijawahi kujiona hivyo, Kudra. Mpaka sasa sijala.

Nimemsomea Mama barua zote, kuanzia ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba maneno ya "nataka nimwone mzima" ni yake, na kama kuna mahali pa kuyasema mbele ya Bwana DC nimsemee kwamba ni yake. Alitaka kuja mwenyewe, miguu ndiyo imemkatalia.

Leo nimemwomba msimamizi ruhusa ya siku nne. Amekataa. Amesema nikiondoka kwenye boila hili nisirudi, kuna watu wanaongoja mlangoni. Nimemkabidhi koleo mkononi. Nimejaza maji kwanza, nikalikagua bomba la nyuma, nikamwonyesha atakayeshika baada yangu jinsi ya kuligonga, nikatoka.

Kesi ikisomwa nitasema yote ninayoyajua, kuanzia Yunusu alipoanza kuchota, na barua niliyowaandikia ya kuwaonya, na ile niliyokwambia unyamaze. Watakaocheka wacheke. Mwambie Sekela mimi ni nani na ninakuja kufanya nini, lakini usimwombe anisamehe, hilo nitalifanya mwenyewe.

Na mwambie Bi Mwanakhamisi asisimame peke yake Jumatatu. Nitasimama kando yake, na nikiulizwa mimi ni nani wake, nitasema ni mama yangu.

Selemani